Dari ya Chumba cha Mama

Huenda msomaji akasema moyoni mwake: "Mambo ya dari si mambo ya kuandikwa gazetini, hayo ni kazi ya seremala." Mimi nami nalisema hivyo zamani. Lakini nyumba ya Mkristu si kuta na paa tu. Ndiyo mahali wazee wanapozeeka kwa heshima, watoto wanapojifunza kusali, mume na mke wanapojifunza kuvumiliana. Paa likiwatesa waliomo ndani, jamaa yote huteseka pamoja nao. Kwa hiyo nataka kuwaelezeni, ndugu wasomaji, yaliyotupata sisi hapa Kapalata, katika mji wa Kisangani, ili yeye atakayejenga kesho asikosee kama nilivyokosea.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya potopoto, imeezekwa kwa mangongo, yale majani mapana ya msituni ambayo mama zetu hufungia kwanga. Mwaka 2017, baada ya kuweka akiba muda mrefu katika mshahara wangu wa ualimu, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikaiezeka kwa mabati. Siku ya kupigilia msumari wa mwisho nilisimama njiani nikaitazama iking'aa juani, moyo wangu ukajaa majivuno. Wapita njia walisema, "Mwalimu naye ametoka katika majani." Dari sikuweka. Fedha zilikuwa zimekwisha, na tena nilidhani dari ni pambo la matajiri.

Mwaka 2019 baba yangu alifariki kijijini, upande wa Bengamisa, katika barabara iendayo Buta. Mimi ni mtoto wake wa kwanza wa kiume, ikanipasa kumleta mama mjini akae kwetu. Tukampa chumba cha upande wa magharibi, kitanda kizuri, chandarua kipya, na juu ya ubao wa ukutani tukaweka sanamu ya Bikira Maria na mshumaa. Mama alishukuru sana. Nami nikajiona mtoto mwema aishikaye Amri ya Nne.

Hazikupita wiki nyingi nikaanza kusikia maneno. Majirani walisema kwamba mama wa mwalimu hushinda chini ya mwembe tangu saa tano hata saa kumi na moja, kama mgeni asiye na mwenyeji. Wengine wakaongeza chumvi: mkwe wake hampendi, amemfukuza chumbani. Maneno hayo yaliniuma. Jioni moja nikamkemea mke wangu mbele ya watoto, nikamwuliza kwa nini anamtesa mama yangu.

Hakunijibu mpaka watoto walipolala. Kisha akaniambia kwa upole, "Baba watoto, saa nane ya mchana wewe huwa shuleni. Je, umewahi hata siku moja kukaa chumbani mwa mama saa hiyo?"

Dominika iliyofuata, baada ya Misa na chakula, mama akiwa mwembeni, niliingia chumbani mwake, nikajilaza kitandani. Nilikusudia kukaa saa moja. Dakika ishirini hazikutimia. Joto lilishuka kutoka juu kana kwamba mtu ameshika mbabula yenye makaa mekundu juu ya paji la uso wangu. Kichwa kikaanza kunigonga. Nilipoinua macho niliuona mshumaa wa mama: ulikuwa umelainika, umepinda, ncha yake inatazama chini. Nikatoka nimelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni, nikaenda moja kwa moja jikoni kumwomba mke wangu msamaha. Na kwa kuwa nilimkemea mbele ya watoto, nikamwomba tena msamaha mbele ya watoto.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka, damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mara nyingi nilikuwa nimeisoma sheria hiyo nikidhani ni habari ya watu wa kale. Siku ile nilielewa: ajengaye atadaiwa juu ya wale wanaokaa ndani ya kazi yake.

Nikaenda mwembeni kwa mama. Kabla sijasema neno, yeye akatangulia: "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, watu wote wanaisifu. Lakini mimi nimezoea kulala chini ya majani. Unirudishe nyumbani kabla sijakuletea aibu." Nilijua kwamba kule kijijini hakuna wa kumchotea maji wala wa kumpeleka kwa mganga wa serikali akiugua. Nikamwomba anipe miezi mitatu.

Sasa niseme kwa nini nyumba za mabati huwa tanuri. Mji wetu uko pungufu ya kilomita 60 kaskazini ya ikweta. Saa sita ya mchana jua husimama karibu na utosi wa kichwa mwaka mzima. Kwa hiyo si kuta zinazopigwa zaidi na jua hilo, bali ni paa. Bati ni jembamba, nalo ni chuma. Linapashwa moto upesi, na moto ule hauna pa kukaa ila kushuka. Hushuka kwa njia ya mionzi, vilevile kama unavyousikia moto wa mbabula ijapokuwa hukuigusa, wala hakuna upepo uliouleta. Bati jipya ling'aalo hurudisha sehemu ya jua, lakini likishika kutu hunywa jua zaidi. Na mvua ikinyesha, bati lilelile hugeuka ngoma: mnaongea ndani, hamsikilizani.

Na majani je? Paa la mangongo ni matabaka mengi yaliyolaliana, na katikati ya matabaka hayo mna hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Blanketi nalo halitupi joto lake, kwani halina. Hushika hewa tu, na hewa ile huzuia joto la mwili lisitoroke. Kinachozuia joto lisitoke ndicho kinachozuia joto lisiingie. Basi dawa ya joto la mabati ni kuweka kati ya bati na vichwa vyetu kitu chenye kushika hewa nyingi iliyotulia. Hiyo ndiyo siri yote. Kazi iliyobaki ni kuchagua kitu hicho.

Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa akiba ya sherehe. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa akijiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza, na jamaa walikwisha kupanga mbuzi, vinywaji, muziki, na vitenge vya namna moja kwa mashangazi wote. Mke wangu na mimi tulikaa usiku tukahesabu. Tukaona kwamba hatuwezi yote mawili. Mke wangu akasema, "Tukifanya sherehe kubwa na bibi yake yuko juani nje, tutakuwa tunasherehekea nini?" Tukapunguza sherehe. Ndugu zangu wawili walinuna, na mmoja hakufika kabisa siku ile. Nalisikitika, lakini sikujuta.

Kisha tukaanza kutafuta. Wazo la kwanza lilikuwa kurudisha mangongo juu ya mabati. Fundi wetu akatukataza: majani yakikaa juu ya bati hushika maji, na bati huoza upesi. Tena paa la majani hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja ya moto yaweza kuliteketeza. Wazo la pili lilikuwa kupaka mabati chokaa nyeupe ili irudishe jua. Hilo husaidia kweli. Lakini Kisangani hupata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, wala hakuna mwezi usio na mvua. Chokaa huoshwa, na mtu hupanda tena na tena. Tukaona ni msaada, si dawa.

Katika nchi za baridi watu huweka juu ya dari pamba ya vioo, yaani nyuzi nyembamba sana za kioo. Ni kitu kizuri, lakini katika maduka tuliyozunguka hatukuikuta, na kuiagiza kutoka Kinshasa kwa njia ya mto kungezidi uwezo wetu. Tena ikilowa hupoteza nguvu yake. Kijana mmoja akatuletea vipande vya frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa friji na televisheni. Kwa kuzuia joto, frigoliti ni hodari, maana karibu yote ni hewa. Lakini hushika moto kwa wepesi, na moshi wake ni sumu. Sisi tunaowasha taa za mafuta na mishumaa, na kuingiza mbabula ndani siku za mvua, tungekuwa tumejitandikia kifo juu ya vichwa.

Jambo la hatari zaidi lilikuja kwa sura ya bahati njema. Mtu mmoja aliyekuwa akibomoa jengo la zamani alitaka kutuuzia kwa bei ya chini mbao ngumu za kijivu zilizokuwa dari ya jengo lile. Nilikuwa tayari kumlipa. Mwuguzi mmoja, tunayesali naye katika jumuiya yetu ndogo, alipoziona aliniuliza kama najua kitu hicho. Akanieleza kwamba huenda ni saruji iliyochanganywa na amianti. Amianti ni nyuzi za jiwe. Ukiikata, au ukiivunja, vumbi lake lisiloonekana huingia mapafuni likakaa humo, na baada ya miaka 20, 30 au 40 huleta saratani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba amianti ya kila aina huleta saratani, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Nilirudisha mbao zile siku ileile. Ndugu msomaji, usinunue dari kuukuu usiyojua asili yake, wala usiikate kwa msumeno. Na kama iko tayari nyumbani mwako, mzima, usiivunje ovyo. Afadhali uipake rangi uiache.

Mwishowe dawa ilitoka katika takataka. Nchi yetu ya Tshopo ni nchi ya mpunga, na kando ya kila mashine ya kukobolea huwa na chungu la makapi ambayo watu huyatupa au kuyachoma. Maandiko Matakatifu huyataja makapi kama kitu duni kipeperushwacho na upepo. Lakini kapi moja la mpunga ni kama kikombe kidogo kilichoshika hewa. Nalo lina silika nyingi, yaani kitu kilekile cha mchanga: ukichoma makapi, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake hubaki majivu, na karibu majivu yote ni silika. Ndiyo sababu hayaozi upesi, wala hayalipuki moto kama unga wa mbao, ijapokuwa yaweza kuteketea polepole kwa ndani. Nasi tuliruhusiwa kuyachukua bure.

Lakini yatalala juu ya nini? Mbao za tripleksi kwa chumba cha mama na chumba cha watoto zilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Mama, aliyekuwa akitusikiliza kutoka kwenye kigoda chake, akacheka. "Mwalimu mzima," akasema, "hujui kwamba shina la mangongo husukwa mkeka?" Tangu siku ile hakuwa tena mzee wa kukaa mwembeni. Watoto walimletea mashina, naye akayapasua, akayakausha, akayasuka, huku akiwafundisha wajukuu. Mikeka ya vyumba viwili ilitoka mikononi mwake. Wala hakutaja tena habari ya kurudi kijijini.

Fundi akapigilia vipande vya mianzi kutoka ukuta hata ukuta, akatandaza mikeka juu yake. Makapi tulikuwa tumeyapepeta, vitambaa vimefungwa puani kwa ajili ya vumbi, maana punje zikibaki huita panya. Tukayaanika juani, tukayatia katika mifuko mitupu ya mchele, tukaishona iwe kama magodoro madogo yenye unene wa sentimita 10. Chumba cha mita tatu kwa tatu kilitaka makapi ya uzito upatao kilo 100, na mianzi iliubeba mzigo huo bila shida.

Hapa sharti niungame kosa langu. Fundi aliniambia, "Mwalimu, kwanza tuzibe matundu ya misumari." Mimi, kwa haraka ya kumaliza kabla ya Noeli, nikamjibu kwamba matundu ni madogo. Usiku wa tatu mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi dari ya chumba cha watoto ilikuwa imening'inia kama tumbo la ng'ombe, na maji meusi yanadondoka kitandani. Tukashusha mifuko yote, tukatupa makapi yaliyolowa, tukaziba matundu kwa lami, ndipo tukaanza upya. Kwa bahati njema ilikuwa mifuko. Kama tungalimwaga makapi wazi, kazi yote ingalipotea. Basi shika neno hili: paa livujalo halifunikwi dari. Ziba kwanza, funika baadaye.

Nimejifunza na mengine. Usigandamize makapi mpaka yaguse bati. Acha nafasi ya hewa katikati. Toboa tundu katika kila upande wa ukuta wa pembe tatu chini ya paa, ili hewa ya moto ipite itoke, na kila tundu ulitie wavu wa chuma, popo na panya wasifanye makao. Nafasi iliyo kati ya ukuta na paa uizibe kwa wavu, kwa maana mbu waletao malaria hupenda kuingia hapo. Huko Gambia, mwaka 2009, watafiti walitangaza kwamba watoto waliolala katika nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani, au zilizowekewa dari ya wavu, walipatwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wenzao. Nyaya za umeme zisizikwe ndani ya makapi, wala mbabula isiwekwe chini ya dari ya mikeka. Na kila mwaka inua mifuko, utazame kama mchwa wameingia.

Je, ilifaa? Sikuwa na kipimo cha joto cha kuwaonyesha. Lakini nilikuwa na mshumaa. Tulisimamisha mpya mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na ulisimama wima mpaka ulipokwisha kwa kuwashwa, si kwa kuyeyushwa. Mchana chumba kile hakikuwa baridi, maana Kisangani ni Kisangani, lakini kilikaliwa. Siku ya Komunyo ya Kwanza tulikula wali na samaki wa mtoni, wageni wachache, bila muziki. Alasiri nilimtafuta mama mwembeni, sikumkuta. Alikuwa chumbani mwake amelala usingizi, rozari mkononi.

Mama alikaa humo miaka mitatu. Mwaka 2022 aliugua, tukaona kwamba safari yake inakaribia mwisho. Padri alikuja kumpa Mpako wa Wagonjwa jioni moja, na alipofungua kitabu chake mvua kubwa ikaanza kupiga mabati. Zamani, chini ya bati tupu, tusingalisikia hata neno moja. Jioni ile mvua ilikuwa kama sauti ya mto wa mbali. Mama alisikia kila sala, akaitika "Amina" kwa sauti yake mwenyewe, nasi sote tukaisikia. Alfajiri Mungu akamwita.

Wazee wa Kiswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba makao yanahusika sana na heshima ya mtu na ustawi wa jamaa. Mimi nalijenga nyumba ya kutazamwa na watu wa njiani, nikawasahau watu wa ndani. Ikiwa wewe, ndugu msomaji, una mzee nyumbani, usimwulize kama anapenda nyumba yako. Atakuambia kwamba ni nzuri, kwa ajili ya mapendo. Ingia chumbani mwake saa nane ya mchana, ufunge mlango, ulale kitandani pake. Paa litakuambia lililo kweli. Na mikeka ile ingali juu ya vichwa vya wanangu hata leo.